Nyumba ya mazoezi ambayo simu haikuijua

Katika mji wa Kasongo, mtu akitaka kujua fundi wa viatu anakaa wapi, haulizi simu. Anamuuliza mama anayeuza ndizi pembeni ya barabara, na mama anamwonyesha kwa kidole: pita msikiti, pinda penye mwembe, utasikia nyundo. Hivyo ndivyo wakaaji wa hapa wanavyopatana tangu zamani, na ndivyo kijana mmoja mwenye nyumba ya mazoezi alivyotegemea kupatikana.

Watu wa mtaa wanamwita Kocha. Nyumba yake ni ya matofali ya udongo na mabati juu, chumba kimoja kirefu na kiwanja kidogo nyuma. Vyuma vyake vingi havikutoka dukani: ni makopo ya mafuta yaliyojazwa simenti, kopo moja kila upande wa bomba. Kuna mikeka, kamba za kuruka, matairi mawili ya lori, na spika ndogo inayotumia umeme wa paneli ya jua. Asubuhi, baada ya adhana ya alfajiri, wanakuja vijana wanaotafuta misuli. Jioni wanakuja akina mama na wazee wachache, wanaonyoosha viungo na kutembea kwa mduara uwanjani.

Juu ya mlango Kocha aliandika kwa chokaa methali anayoipenda: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliiamini kabisa. Kama mazoezi ni mazuri, watu watakuja wenyewe. Na kweli walikuja, ila wote walikuwa watu wa mtaa wake, au ndugu wa watu wa mtaa wake.

Siku moja jioni aliingia mama ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa amechoka, miguu imejaa vumbi, na kijana wake wa miaka kumi na mitano alikuwa nyuma yake na simu mkononi, kioo kimepasuka. Mama huyo alitoka upande wa Kabambare, ambako vita vilimfukuza yeye na watoto wake, na mjini Kasongo alipokelewa na familia moja iliyompa chumba. Alikaa kwenye benchi, akapumua, kisha akasema:

"Papa, tangu asubuhi tunakutafuta. Kumbe unakaa nyuma ya nyumba ninamolala."

"Pole sana, mama," Kocha alijibu. "Ungeuliza tu. Kila mtu hapa ananijua."

"Kila mtu, ndiyo. Mimi ningemuuliza nani?"

Neno hilo lilimnyamazisha Kocha.

Habari ya mama huyo ilikuwa hivi. Katika kituo cha afya walimpima, wakamwambia tansyo yake iko juu, yaani damu inasukuma kwa nguvu kupita kawaida. Muuguzi alimpa dawa, akamwambia asiziache, apunguze chumvi, na autumikishe mwili kila siku. Kijijini hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, kwa sababu hakukuwa na haja. Jembe ndilo lilikuwa mazoezi yake: kwenda shambani kwa miguu, kulima, kurudi na kuni kichwani. Mjini hana shamba. Anakaa uani kwa watu, anaogopa kusumbua, na siku inapita akiwa ameketi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki, ambazo ni kama nusu saa kwa siku tano. Kwa mkulima hizo ni dakika za asubuhi moja au mbili tu. Kwa mkulima aliyepoteza shamba, ni lazima azitafute.

Kijana wake alikumbuka simu. Aliandika maneno mawili: mazoezi Kasongo.

Kilichotoka kwanza kilikuwa muziki. Kuna wimbo wa zamani unaoitwa Kasongo, wa Orchestra Super Mazembe, wanamuziki waliotoka Zaire na kufanya makao yao Nairobi katika miaka ya 1970. Wimbo huo ulifufuka mwishoni mwa mwaka 2024, wakati Wakenya wengi walipolifanya jina hilo kuwa utani wa kumwita rais wao, William Ruto. Tangu hapo, anayeandika Kasongo kwenye simu anakutana na vichekesho vya Nairobi kabla ya kukutana na mji wa Maniema. Baada ya muziki kijana aliona majina ya watu, maana Kasongo ni jina la wanaume wengi katika Kongo. Kisha akaona Kasongo-Lunda, ambayo iko Kwango, upande mwingine kabisa wa nchi.

Chini kabisa ilitokea alama moja kwenye ramani: nyumba ya mazoezi, Kasongo, Maniema. Mama na kijana wake waliifuata alama hiyo kwa miguu, asubuhi, juani. Iliwafikisha kwenye kiwanja kitupu karibu na mnara wa simu, ng'ambo ya mji. Hapakuwa na nyumba. Mtu wa pale alicheka, akasema hajawahi kuona mazoezi mahali hapo. Walirudi polepole, mama akipumzika chini ya kila mti, na jioni, walipokaribia nyumba wanamokaa, kijana akasikia spika.

Usiku ule Kocha alimwita mpwa wake, msichana anayesoma mambo ya kompyuta, akamweleza. Msichana hakushangaa.

"Mjomba, ile alama ni yako," alisema. "Nani aliiweka?"

Walipochunguza, walielewa. Kijana mmoja wa vyuma, kwa nia nzuri, aliongeza nyumba ya Kocha kwenye ramani ya Google miezi mingi nyuma. Lakini alifanya hivyo akiwa amesimama karibu na mnara, mahali rezo inaposhika vizuri, na simu ikadhani nyumba iko palepale aliposimama. Mtu yeyote anaweza kuongeza mahali kwenye ramani hiyo, na kosa lake linaweza kukaa hapo mpaka mwingine alirekebishe. Kocha hakujua kwamba alama hiyo ipo, na kwa muda wote huo ilikuwa ikiwapeleka watu kiwanjani.

Kazi ya kurekebisha ilichukua siku kadhaa, si kwa sababu ni ngumu, bali kwa sababu ya mega na rezo. Kuweka biashara kwenye Google hakulipiwi; kinacholipiwa ni mega za kuingilia. Msichana aliomba kwanza ile alama iandikwe kuwa ni mali ya mwenye nyumba, badala ya kuanzisha nyingine, maana alama mbili za nyumba moja huwachanganya watu na huichanganya Google yenyewe. Kisha alitoka nje, akasimama mlangoni, akaisogeza alama mpaka ikae juu ya bati la mjomba wake.

Kulikuwa na tatizo la anwani. Mahali pengi Kasongo nyumba hazina namba, na fomu ilidai barabara na namba. Msichana alitumia msimbo wa herufi na tarakimu unaoitwa Plus Code, ambao unakipa kila kipande cha dunia anwani yake hata pasipo na barabara. Msimbo wa herufi kumi unaonyesha mraba wa mita 14 hivi kila upande, eneo linalotosha kwa nyumba ya kawaida. Aliuandika pia kwa chokaa ukutani, chini ya methali, ili mwenye rezo mbovu aunakili na kuutumia baadaye.

Halafu ikaja sehemu ya jina. Kocha alitaka kuandika jina refu: nyumba ya mazoezi bora kuliko zote Kasongo, bei nafuu, vyuma, kupunguza tumbo. Mpwa wake alikataa. Google inataka jina lilelile lililoandikwa juu ya mlango, bila sifa za kuongeza, na anayejaza maneno anaweza kufungiwa. Maneno mengine yana mahali pake, katika maelezo ya chini. Hapo aliandika kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, maana wengine wanatafuta kwa lugha moja na wengine kwa nyingine: mazoezi ya viungo, vyuma, wazee wanakaribishwa, wenye tansyo waje na ushauri wa muuguzi wao. Akaandika Maniema, akaandika pia jina la mtaa, ili isichanganywe na Kasongo-Lunda wala na wimbo.

Alimweleza mjomba wake jinsi Google inavyopanga majibu ya karibu. Inaangalia mambo matatu. La kwanza, kama kitu kinalingana na kilichoulizwa. La pili, umbali kati ya anayeuliza na mahali penyewe. La tatu, jinsi mahali hapo panavyojulikana, yaani watu wangapi wamepaandika, wamepapa nyota, wamepataja kwingine. Nafasi hiyo hainunuliwi kwa fedha.

"Ni kama yule mama wa ndizi," alisema. "Ukimuuliza fundi viatu, hatakuonyesha fundi nguo. Atakuonyesha wa karibu kwanza. Na kama wako wawili karibu, atakuonyesha yule ambaye watu wanamsifu."

Kocha aliposikia habari ya nyota, alitaka kuwapigia ndugu zake wa Kindu na Bukavu, kila mmoja aandike sifa. Ndugu hao hawajawahi kuingia ndani ya nyumba yake. Msichana alikataa tena. Sifa za uongo zinakatazwa, na kutoa zawadi ili mtu aandike sifa pia kunakatazwa. Lakini zaidi ya hapo, alisema, mtu aliyehama kwao ameshadanganywa vya kutosha njiani. Aliyedanganywa kuhusu njia salama, kuhusu msaada utakaogawanywa kesho, asidanganywe tena kuhusu mahali pa kunyoosha miguu. Basi waliwaomba wanaofanya mazoezi kweli, mmoja mmoja, aandike anachotaka, kizuri au kibaya. Mzee mmoja aliandika kwamba choo ni kichafu. Kocha alikasirika, akanyamaza siku nzima, kisha akanunua chokaa na ufagio, akajibu palepale: asante mzee, tumesafisha.

Uthibitisho ndio uliochosha zaidi. Google ilitaka video moja, bila kukatwa, inayoonyesha barabara, kibao cha jina, vifaa vya ndani, na dalili kwamba anayepiga video ndiye mwenye mahali, kwa mfano kufungua kufuli kwa ufunguo wake. Mara mbili rezo ilikatika kabla video haijafika. Mara ya tatu waliituma usiku wa manane, wakati watu wengi wamelala na rezo ina nafasi.

Msichana aliiweka nyumba pia kwenye OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Ramani hiyo ina faida kubwa kwa mtu asiye na mega: kuna programu zinazoibeba nzima ndani ya simu, naye akaisoma bila rezo. Ndiyo ramani ambayo mashirika ya misaada huitumia mara nyingi, na tangu mwaka 2014 mpango wa Missing Maps unawakusanya wachoraji wa mbali ili wachore vijiji ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote. Wachoraji hao wanaona mabati kutoka angani, lakini hawajui chini yake kuna nini. Jina la nyumba linaandikwa na mtu wa pale.

Hata mji wenyewe unajua jambo hili. Kasongo ya zamani, mji mkubwa wa misafara wa wakati wa Tippu Tip, ulioangukia mikononi mwa askari wa Dhanis mwaka 1893, haikuwa hapa ulipo mji wa leo. Ilikuwa mahali panapoitwa Tongoni. Mji ulihama na jina lake.

Wiki zilizofuata, simu ilianza kulia. Si sana. Wengine waliuliza saa za kufungua, wengine bei. Kocha alifurahi, na katika furaha hiyo akafanya kosa ambalo bado linamuuma.

Alitaka nyumba ionekane imejaa. Jioni moja alipiga picha ya mazoezi ya akina mama, nyuso zote zikionekana, akaipandisha kwenye ukurasa wa nyumba. Picha ilikuwa nzuri, watu wanacheka, mikono juu. Kesho yake, kabla ya mapambazuko, aligonga mlango wake mama mmoja wa kikundi hicho. Huyu naye alikuwa amehama, lakini hakuwahi kusema kwa nini aliondoka kwao. Hakusema hata siku ile. Alisema tu:

"Mwanangu, kuna watu nisiotaka wajue niliko. Sasa umewaonyesha sura yangu, na chini yake umeandika njia."

Kocha aliifuta picha mbele yake. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Lakini msichana hakuwaficha ukweli: kufuta hakumaanishi kwamba hakuna aliyeiona, wala kwamba hakuna aliyeihifadhi. Mama yule hakuonekana mazoezini kwa muda mrefu. Kocha alituma salamu kupitia wanawake wenzake, akasema mlango uko wazi, na kwamba hakuna simu itakayotolewa tena saa ya mazoezi.

Tangu siku ile nyumba ina sharti moja, limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa kuliko methali: hakuna picha za watu. Kwenye ukurasa kuna picha za mlango, kibao, vyuma vya simenti, mikeka, na kiwanja kikiwa kitupu. Mpwa wake alilieleza kwa maneno machache: nyumba ndiyo inayotakiwa kuonekana, si watu waliomo. Wakati wa kuandika maelezo waliondoa pia neno lililosema kwamba waliohama wanakuja hapo. Wanakaribishwa vilevile, lakini haitangazwi kwa dunia kwamba wanakusanyika mahali fulani saa fulani. Anayewaambia ni muuguzi wa kituo cha afya, na wenzao.

Kosa la pili lilikuwa dogo, nalo lilifundisha. Kocha alifiwa na baba mdogo, akafunga nyumba siku tatu kwa ajili ya matanga. Mtaa mzima ulijua, kwa hiyo hakuona haja ya kusema. Lakini simu haikwenda matangani. Ukurasa uliendelea kusema wazi, wazi, wazi, na watu wanne walitembea kutoka pembeni ya mji wakakuta kufuli. Mmoja wao aliandika hivyo, akatoa nyota moja. Alikuwa na haki. Sasa kabla ya kufunga, Kocha anabadilisha saa kwenye simu kwanza, kisha anaweka kufuli. Na kwa sababu wengi hawana simu ya kuingia intaneti, anapeleka tangazo hilohilo kwenye redio, kwa maneno yaleyale na namba ileile. Jina, namba na saa zikitofautiana kati ya redio, kibao na simu, msikilizaji hajui aamini nini.

Kwa mwenye duka la dawa, fundi cherehani au mwenye kinu cha kusaga mihogo anayesoma haya, kazi ya kwanza haigharimu kitu kikubwa. Aazime simu ya mtu mwingine, aandike kitu anachouza pamoja na jina la mji, kama mgeni, aone kinachotoka. Kama kuna alama iliyokosewa, aisahihishe kabla ya kufikiria sifa na picha. Na kabla ya kuweka picha yoyote, amuulize kila aliyemo.

Kocha ana daftari la mahudhurio. Zamani lilikuwa na safu mbili, jina na malipo. Sasa lina safu ya tatu: nani alikuonyesha njia. Mistari mingi bado inasema jirani, au ndugu, au redio. Michache inasema simu. Lakini alipoisoma vizuri mistari ya simu, aliona kwamba karibu wote ni watu waliofika Kasongo mwaka huu, wasio na jirani wa zamani wa kumuuliza. Methali bado iko mlangoni. Hakuifuta, ila chini yake aliongeza msimbo wa anwani na mshale.

Mama wa Kabambare anakuja mara nne kwa wiki. Anatembea mduara wake uwanjani polepole, bila viatu, kama mtu anayekwenda shambani. Kijana wake ndiye anayeangalia ukurasa siku hizi, anajibu maswali, anabadilisha saa. Wiki iliyopita iliingia familia nyingine isiyojulikana, mwanamume mzee na binti yake. Kabla Kocha hajainuka, mama yule aliacha mduara, akawaletea benchi, akauliza kama wametembea sana.

"Hapana, mama," binti alisema, akiangalia simu. "Imetuleta moja kwa moja."